Mmea wa Kusafisha Maji Ni Ule Utakaokatwa

Mafunzo ya Jinja na Mbale kwa kila nyumba ifugayo samaki

Familia ya askari ihamishwapo kutoka Jinja kwenda Mbale, mzigo wake hujulikana. Magodoro hufungwa kwa kamba, masufuria hupangwa ndani ya pipa, na kuku huingizwa katika tenga. Ikiwa watoto wa nyumba hiyo wamezoea kufuga samaki, basi mwishoni kabisa hupakiwa ndoo yenye samaki wachache wadogo na rundo la majani ya maji yaliyochumwa ufukoni mwa ziwa. Lori hupita Iganga, hushika njia ya Tirinyi, hukatiza kinamasi cha mto Mpologoma, na jioni ndoo hiyo huteremshwa chini ya mlima Elgon. Hakuna aitazamaye mara ya pili. Hata hivyo, katika mzigo wote uliokuwamo ndani ya lori, ndoo hiyo ndiyo iliyostahili kukaguliwa kuliko kitu kingine chochote.

Swali la mmea gani uwekwe katika maji ya samaki huonekana kuwa dogo, swali la watoto na la watu wenye nafasi. Lakini swali hilo hilo, kwa kipimo kikubwa zaidi, limeulizwa Jinja juu ya ziwa Victoria, na linaulizwa Mbale juu ya kinamasi cha Namatala. Ajuaye kulijibu vema nyumbani kwake hataona taabu kuelewa mambo yaliyotokea ziwani, na aliyeyaelewa ya ziwani hatakosea nyumbani.

MAJI HUHARIBIKAJE

Samaki hula, na taka yake huiacha katika maji yale yale anamoishi. Sehemu kubwa ya taka hiyo ni amonia, ambayo ni sumu kwake. Katika tangi lililokwisha kukaa majuma kadhaa, bakteria waishio juu ya mawe na mchanga huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha huigeuza nitriti kuwa nitrati. Nitrati haiui upesi, lakini haiondoki. Hujikusanya siku baada ya siku, pamoja na fosfati itokayo katika chakula, mpaka maji yageuke rangi na kuta za tangi zishikwe na ute wa kijani.

Nitrati na fosfati si vitu vigeni kwa mkulima. Ni mbolea ile ile anayoinunua dukani kwa fedha. Kwa hiyo ndani ya maji ya samaki ni lazima kitu kiote. Mwenye nyumba asipochagua kitakachoota, ute wa kijani utajichagua wenyewe.

Njia za kuitoa mbolea hiyo ni mbili tu. Ya kwanza ni kumwaga sehemu ya maji na kutia mengine. Ya pili ni kuotesha mmea uinywe mbolea hiyo, kisha kuutoa mmea huo nje ya maji. Watu wengi hukumbuka nusu ya kwanza ya njia hii ya pili, na kuisahau nusu yake ya mwisho. Kosa lote huanzia hapo.

WAFUGAO SAMAKI WA BAHARINI

Ufundi huu umefikishwa mbali na watu wa Ulaya na Marekani wafugao samaki wa baharini majumbani. Pembeni au chini ya tangi kubwa la kioo huweka tangi la pili, dogo, ambalo maji ya lile kubwa hupitia na kurudi. Tangi hilo la pili huitwa refugiamu, yaani kimbilio. Limeitwa hivyo kwa sababu vijidudu vya baharini vilivyo chakula cha samaki huzaliana humo bila ya kuliwa vyote. Humo pia huoteshwa mwani. Taa ya tangi hili huwashwa usiku, wakati ile ya tangi kubwa imezimwa, ili hali ya maji isipande na kushuka mno kati ya mchana na usiku.

Mwani upi uoteshwe? Hapo ndipo penye hekima. Upo mwani uitwao ketomorfa, wenye nyuzi ngumu zilizosokotana kama waya wa kusugulia masufuria. Haushiki mawe, huelea kama shada, na mwenye tangi anaweza kuutoa wote kwa mkono mmoja, akaukata nusu na kuirudisha nusu. Upo mwekundu uitwao grasilaria, ambao hukua polepole zaidi lakini samaki wengi huula. Upo mwembamba na mpana kama jani la saladi, uitwao ulva, ambao hukua haraka na pia huliwa. Na upo uitwao kaulerpa, mzuri wa kutazama, ambao hutambaa juu ya mawe na kuyashika.

Kaulerpa hunywa mbolea kwa bidii, na kwa muda mrefu ulipendwa. Lakini una tabia moja mbaya. Ufikiapo wakati wa kuzaa, unaweza kutoa mbegu zake zote kwa mara moja, ukageuka mweupe na kufa. Kila ulichokunywa kwa miezi mingi hurudi majini kwa siku moja. Ndiyo sababu wafugaji wengi wazoefu huchagua ketomorfa, ingawa haina uzuri wa kujivunia.

Isitoshe, kaulerpa umekwisha kuonyesha madhara makubwa nje ya matangi. Mwaka 1984 aina yake moja iliyokuwa ikifugwa katika matangi ilionekana baharini chini ya jumba la makumbusho ya bahari huko Monako. Kipande chake kidogo kikikatika huota upya. Katika miaka iliyofuata mmea huo ulienea katika pwani za Ufaransa na Italia na kuyafunika majani ya asili ya bahari hiyo.

Kutoka Mombasa hadi Jinja au Mbale ni mwendo wa kama kilomita elfu moja kwa barabara, na si rahisi kwa nyumba ya huku kufuga samaki wa maji ya chumvi. Lakini hadithi ya Monako haikuwa ngeni kwa watu wa Jinja. Wao walikuwa na ya kwao.

UA ZURI LILILOFUNGA ZIWA

Gugu maji asili yake ni Amerika ya Kusini. Lina ua la zambarau lenye kupendeza, na kwa ajili ya ua hilo watu walilichukua kutoka nchi moja hadi nyingine na kulipanda katika madimbwi ya bustani. Mwaka 1988 lilikwisha kuonekana katika ziwa Kyoga, na haikupita miaka miwili likawa limejulikana pia katika ziwa Victoria, likiletwa kwa wingi na maji ya mto Kagera. Lilikuta ziwa limejaa mbolea iliyotoka mijini na mashambani. Mahali penye chakula tele, mimea yake huweza kuongezeka maradufu katika muda wa kama majuma mawili.

Katikati ya miaka ya 1990 ghuba nyingi zilifunikwa. Mitumbwi ilishindwa kutoka, nyavu zilinaswa, na gati za meli zikazibwa. Huko Jinja upepo uliyasukuma mazulia ya magugu hadi kwenye bwawa la Owen Falls, ambalo lilifunguliwa mwaka 1954 na siku hizi huitwa Nalubaale, yakatatiza maji yaendayo kwenye mitambo ya umeme. Usipoziba ufa, utajenga ukuta: mmea ambao mtu mmoja angeweza kuuchomoa kwa mkono ulihitaji mitambo ya kuvunia na fedha za serikali tatu.

Mwishoni mwa mwaka 1995 Uganda iliachilia ziwani fukusi wa aina mbili, waliotoka katika nchi ya asili ya gugu hilo na ambao chakula chao ni gugu hilo. Fukusi hao walizaliana, wakatoboa majani na vikonyo, na kufikia mwaka 1998 mazulia yalianza kupungua upesi, yakisaidiwa kuvunjika na mawimbi na mvua nyingi za wakati ule. Hata hivyo gugu halikwisha. Mpaka leo huonekana, likiongezeka na kupungua.

Jambo moja katika habari hizi halisemwi mara nyingi. Gugu maji ni msafishaji hodari. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Marekani, katika jimbo la Mississippi, walilitumia kusafisha maji taka, na lilifanya kazi hiyo vizuri. Basi kwa nini halikulisafisha ziwa Victoria? Ni kwa sababu sehemu kubwa yake haikutolewa. Lilipokufa lilizama, likaoza chini, na mbolea yote liliyokuwa limeinywa ikarudi majini. Mmea hauondoi uchafu. Huushika kwa muda tu, mithili ya mtu aliyewekewa amana, na siku ya kufa kwake huirudisha amana yote kama alivyoipokea.

MAFUNJO NA MATETE YA KIRINYA

Pale pale Jinja, upande wa Kirinya, maji taka ya mji huingizwa katika mabwawa ya kutibia, kisha hupitia kinamasi cha mafunjo kabla ya kufika ziwani. Katika miaka ya 1990 mahali hapo palifanyiwa jaribio lililohusu swali hili hili la uchaguzi. Mtaalamu Tom Okia Okurut, ambaye baadaye aliiongoza mamlaka ya taifa ya mazingira, alitumia vinamasi vidogo vilivyotengenezwa kwa makusudi. Vingine vilipandwa mafunjo na vingine matete, na maji taka ya mji yalipitishwa humo ili kuona jinsi mimea hiyo miwili ifanyavyo kazi. Matokeo ya jaribio hilo yalichapishwa mwaka 1999.

Mimea hiyo yote miwili ni ya hapa hapa, nayo imezoea joto na jua la nchi. Lakini kila mmoja una namna yake. Matete hupenda kushika mizizi katika udongo wa chini. Mafunjo huweza kufanya zulia lielealo juu ya maji, mizizi ikining'inia chini yake kama ndevu, na maji machafu yakapita katikati ya ndevu hizo. Juu ya kila uzi wa mzizi huishi bakteria wasiohesabika, nao ndio wafanyao sehemu kubwa ya kazi. Utafiti mwingine, uliofanywa Kampala na kuchapishwa mwaka 2004, uliyalinganisha mafunjo na aina ya nyasi ndefu za vinamasi, na mafunjo yakashinda, kwa kuwa mizizi yake ilikuwa mingi zaidi na eneo la kufanyia kazi likawa kubwa zaidi.

Yafaa ieleweke hapa kwamba nitrati ina mlango mwingine wa kutokea. Katika matope ya kinamasi yasiyo na hewa, wako bakteria waigeuzao kuwa gesi ya naitrojeni, ambayo hupanda angani bila madhara. Fosfati haina mlango huo. Ama hushikwa na matope, ama hupanda katika mmea na kungoja. Mafunjo hukua hata kufikia meta 4 au 5, na mashina yake yaliyokomaa yakikatwa na kutolewa, fosfati hutoka pamoja nayo. Yakiachwa yakauke na kuanguka, sehemu kubwa hurudi ilikotoka.

Kazi ya mafunjo haiishi katika kusafisha. Sangara alipoletwa katika ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na baadaye akaongezeka mno, samaki wengi wadogo wa asili walitoweka katika maji ya wazi. Uchunguzi uliofanywa katika ziwa Nabugabo, magharibi ya ziwa Victoria, ulionyesha kwamba kando ya vinamasi, kati ya mashina na mizizi, baadhi ya samaki hao waliendelea kuishi. Maji ya humo yana hewa kidogo, na sangara hayapendi. Kwa hiyo lile neno la wafuga samaki wa baharini, kimbilio, lina maana yake kamili pia katika vinamasi vya Uganda, na hapa halihitaji kioo wala taa ya umeme.

NAMATALA: MAFUNJO NA MPUNGA

Mbale nako kuna mabwawa ya kutibia maji taka, Namatala na Doko. Maji yatokayo humo huishia katika kinamasi cha Namatala, kisha hufuata njia ya mto Mpologoma kuelekea ziwa Kyoga. Zamani maji hayo yalipita katika mafunjo. Leo sehemu ya juu ya kinamasi, iliyo karibu na mji, imegeuzwa kuwa mashamba, hasa ya mpunga, na mafunjo yamebaki zaidi upande wa chini, nako jembe linayasogelea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliieleza hali hiyo kwa urefu.

Ingekuwa rahisi kumlaumu mkulima, lakini lawama hiyo haitakuwa ya haki. Mpunga hupikwa, huuzwa, na hulipa ada za shule. Zaidi ya hayo, mpunga nao hunywa mbolea iliyomo katika maji taka, na huvunwa. Kwa kipimo cha kuvunwa peke yake, mpunga ni mmea mwema. Upungufu wake uko kwingine. Ili upandwe, kinamasi huchimbiwa mifereji, udongo hupinduliwa, na maji yaliyokuwa yakitambaa polepole kati ya mizizi sasa hukimbia. Udongo uliokuwa umeshika fosfati kwa miaka mingi hulegezwa na kuchukuliwa. Kimbilio la samaki hutoweka. Na baada ya mavuno shamba hubaki tupu, wakati mji wa Mbale hausimamishi maji taka yake hata siku moja.

Hata hivyo Namatala inafundisha jambo ambalo sheria peke yake haiwezi kulifundisha. Uganda ilipata sera yake ya taifa juu ya vinamasi mwaka 1995, na kanuni za kuvilinda mwaka 2000. Sera na kanuni zina kazi yake. Lakini mmea ambao watu wa mahali hawana haja nao hauna mlinzi. Mahali ambapo mafunjo hukatwa kwa zamu ili kusukwa mikeka na vikapu, kuezekwa paa na kufungia mizigo, mkataji mwenyewe ndiye mlinzi wake wa kwanza. Humkataza jirani kuchoma moto, na huacha mashina machanga yakue, kwa kuwa msimu ujao atayahitaji. Mkataji huyo, bila ya kuvaa sare yoyote, anafanya kazi ya kusafisha maji ya mji.

MASWALI MANNE YA KUJIULIZA

Kutokana na habari hizi zote, kutoka matangi ya Ulaya mpaka Namatala, mwenye nyumba anaweza kukusanya maswali manne. La kwanza: je, mmea huu utastawi katika maji haya na jua hili, au utakufa na kuyaongezea maji uchafu? La pili: je, hukua upesi kiasi cha kuinywa mbolea inayotolewa na samaki? La tatu: je, naweza kuuzuia usitoke, na ukitoka utafanya nini? La nne, lililo kubwa kuliko yote: je, nitakuwa na sababu ya kuukata? Mmea mzuri usio na kazi utaachwa ujae mpaka ufe. Mmea wenye kazi jikoni, shambani au sokoni utakatwa kwa wakati wake, hata na mtu asiyejua neno fosfati.

UCHAGUZI WA NYUMBANI

Kwa tangi dogo la kioo lililo karibu na dirisha, unafaa mmea wa asili ambao wataalamu huuita seratofilamu. Umo katika maziwa ya Uganda. Hauna mizizi, huelea ndani ya maji, na majani yake membamba huzunguka shina hata ukafanana na mkia wa paka aliyeogopa. Kama ketomorfa ya baharini, waweza kuutoa wote kwa mkono, ukakata theluthi moja na kurudisha iliyobaki. Lile lililokatwa litiwe katika shimo la mboji au chini ya mgomba.

Kwa bwawa la uani, afadhali mmea usiwe ndani ya maji ya samaki hata kidogo. Mfereji mdogo uyatoe maji yazidiyo na kuyapitisha penye majimbi, mchicha au sukuma wiki. Majimbi hupenda maji, majani yake makubwa huonyesha mara moja kama yameshiba, na mama wa nyumba hahitaji kukumbushwa kuyavuna. Hivyo mbolea ya samaki hurudi mezani. Yafaa ikumbukwe kuwa shauri hili ni la maji ya bwawa la samaki, si la maji taka. Mboga ziliwazo mbichi zisinyweshwe maji taka kamwe.

Mafunjo yanaweza kupandwa katika beseni kubwa au pipa lililokatwa, lakini ni mmea wa kurefuka, na mahali finyu hujaa upesi. Yakipandwa, mashina makavu yakatwe mara kwa mara. Gugu maji lisipandwe kabisa, hata kama ua lake limependeza, wala lisichukuliwe kutoka mahali hadi mahali. Kabichi ya maji nayo iepukwe karibu na nyumba. Wako mbu ambao viluwiluwi vyao hutoboa mizizi ya kabichi hiyo na kuvutia hewa humo, hata mtu akitazama juu ya maji asione kitu.

Mimea mingi kupita kiasi pia si salama. Mchana mmea hutoa hewa nzuri, lakini usiku nao huivuta kama samaki avutavyo. Samaki wakionekana alfajiri wamepandisha midomo juu ya maji, huenda mimea imezidi au maji yamechafuka, na hapo yafaa kuipunguza mimea na kubadili maji. Chakula nacho kitolewe kidogo, kile kiwezacho kuliwa kwa dakika chache. Kila juma robo ya maji ibadilishwe. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yaachwe kwanza katika ndoo iliyo wazi kwa siku nzima.

HATARI YA KICHOCHO

Liko onyo moja lihusulo afya ya watoto. Katika ufuko wa ziwa Victoria, Jinja ikiwamo, kichocho cha tumbo bado kipo. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono waishio majini na hupenya ngozi ya mtu aliyesimama ndani ya maji. Konokono hao hupenda kushika majani ya maji. Basi mtoto asitumwe kuingia ziwani miguu mitupu ili kuchuma majani ya tangi. Mtu mzima ayavute kutoka nchi kavu kwa upondo, akivaa glavu na viatu vya mpira.

Majani yaliyoletwa yawekwe peke yake katika ndoo ya maji safi kwa siku kadhaa kabla ya kuingia tangini. Kila shina likaguliwe, na konokono wote na mayai yao, yafananayo na vitone vya uji mzito vyenye kung'aa, yaondolewe na kuzikwa. Maji ya ndoo hiyo yamwagwe mahali pakavu mbali na mtaro. Aliyekwisha kuingia ziwani aende zahanati kupimwa, kwa kuwa dawa ya ugonjwa huu ipo na inatibu.

NDOO ILIYO NYUMA YA LORI

Sasa ile ndoo ya mwanzo yaweza kutazamwa tena. Kati ya Jinja na Mbale lori lake hutoka upande wa ziwa Victoria na kuingia katika maji yaelekeayo Kyoga. Kipande kimoja cha gugu, au konokono mmoja aliyejificha chini ya jani, chaweza kumwagwa na mtoto katika mtaro wa Namatala siku ya kwanza tu ya kuhamia, bila ya nia mbaya yoyote. Katika muongo wa 2010 gugu jingine geni, liitwalo gugu la Kariba, lilionekana katika ziwa Kyoga, na hilo nalo huota upya kutokana na kipande kidogo.

Ushauri ni mfupi. Familia ihamapo, majani ya tangi yasisafirishwe. Yatolewe majini, yaanikwe juani mpaka yakauke kabisa, na yazikwe katika shamba la nyumba inayoachwa, ambapo yatakuwa mbolea kwa mgomba wa atakayefuata. Ndoo na beseni vioshwe na kukaushwa. Samaki wapewe jirani anayewajua. Mbale yako majimbi, uko mchicha, na liko jua la kutosha. Tangi jipya litaanza kwa maji safi na mmea wa pale pale, na kisu cha jikoni kitakuwa karibu yake.